Kati ya nyeupe na nyeusi: tunapima namna gani kosa la jirani wakati wa taabu?

Katika miji na vijiji vyetu vya mashariki, kila mara mwenye kutawala mahali anabadilika, kuna neno moja linaanza kuzunguka kartie: "Ule alikuwa mutu wao." Linasemwa pa soko, kwenye robine ya maji, ndani ya taksi, na siku hizi linaandikwa mbio mbio ndani ya WhatsApp pamoja na picha ya mwenye kusemwa. Mara ingine huyo ni mtu ambaye kweli alipanga mabaya na akayafaidi. Mara ingine ni mama aliyeuzia askari chakula, chefu wa avenyu aliyeandika orodha ya watu kwa sababu bunduki ilikuwa mezani, ao kijana aliyebebeshwa mizigo mpaka msituni. Wote wanapewa jina moja, na jina hilo linaweza kumfukuzisha mtu nyumbani kwake ao kumuuwa.

Njo maana inafaa tuongee juu ya namna ya kufikiri ambayo wengine wanaiita kuona mambo kwa rangi ya majivu, maana yake kati ya nyeupe na nyeusi. Kuna wenye kuiogopa, wanasema ni mwavuli wa wenye makosa. Na kuna wenye kuitumia hivyo kweli: "Wakati ulikuwa mubaya, kila mutu alifanya yake, tuache tu." Wote wawili wanaielewa vibaya. Rangi ya majivu haifuti kosa. Inatuomba tu tusijibu maulizo matatu kwa jibu moja.

Ulizo la kwanza: tendo lenyewe ni baya ao hapana? La pili: mwenye kulifanya anabeba lawama kiasi gani? La tatu: sasa anapaswa kufanya nini, na sisi tuishi naye namna gani? Mtu anaweza kufanya tendo baya na abebe lawama kidogo. Mwingine anafanya tendo lile lile na abebe lawama yote. Na hata mwenye lawama kidogo anaweza kubaki na deni ya kusaidia kutengeneza kilichoharibika. Tukichanganya maulizo haya, tutamwachilia mwenye kosa kubwa na tutampiga mawe mwenye kosa dogo.

Watu watatu pa barieri moja

Tuanze na jambo ambalo kila msafiri wa barabara zetu analijua. Mwaka 2017, watafiti wa IPIS, kikundi cha Ubelgiji, pamoja na wenzao wa DIIS wa Denmark, walihesabu barieri karibu 800 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Zingine zilikuwa za makundi ya silaha, zingine za askari na watumishi wa serikali. Kupita ni kulipa.

Tuseme watu watatu wanafika pa barieri moja ya kundi la silaha. Wa kwanza ni mama mwenye kubeba kitunga cha tomati kichwani. Akirudi nyuma, tomati zitaoza na watoto watalala njaa. Akikataa kulipa, atapigwa ao watamnyanganya vyote. Analipa. Wa pili ni dereva wa kamyo. Angeweza kupita barabara ingine isiyo na barieri ile, lakini ni ya mbali na ingemkulia siku mbili. Analipa pia. Wa tatu ni mchuuzi mkubwa. Huyo hakungoja kusimamishwa. Alienda mwenyewe kumwona komanda, wakapatana bei ya kila mwezi, kamyo zake zipite bure na za wenzake zisimamishwe. Naye amelipa.

Feza ya watatu imeingia katika mfuko moja, na huenda imenunua risasi. Kwa hiyo ulizo la kwanza lina jibu moja kwa wote: feza hiyo inalisha vita, na hilo ni baya. Tusimdanganye mama kwamba ile feza haikufanya kitu. Lakini kwa ulizo la pili majibu yanaachana kabisa. Mzigo wa feza ya mama uko juu ya mwenye aliweka kamba katikati ya barabara. Dereva anabeba sehemu, juu alikuwa na njia ingine na akachagua kupata mbele siku mbili. Mchuuzi anabeba karibu sawa na komanda, kwa sababu kwake barieri imekuwa chombo cha biashara. Angesikitika siku ile ingeondolewa.

Kutokana na mfano huu tunaweza kutoa vipimo vitano. Vya kwanza ni hofu: mtu alitishwa na nini, na hatari ilikuwa karibu kiasi gani? Kutishwa kuuawa leo hakufanani na kuogopa kupoteza kazi mwaka kesho. Kipimo cha pili ni njia: alikuwa na namna ingine ya kutoka, hata ya gharama? Cha tatu ni faida: alitoka pale akiwa amejiokoa tu, ao alitoka tajiri kuliko alivyoingia? Cha ine ni kuzidisha: alifanya kile alilazimishwa na akasimama hapo, ao aliongeza yake? Chefu wa avenyu aliyeombwa orodha ya nyumba akaiandika, na chefu aliyeongeza pembeni jina la jirani mwenye walikuwa na shida ya shamba, hawako na kosa moja. Cha tano ni mwenye kuumia: ubaya ulimwangukia nani, na ulikuwa mkubwa kuliko ule mtu alikuwa anaukimbia?

Vipimo hivi havikuzaliwa leo. Mkataba wa Roma, ule uliounda mahakama ya kimataifa ya La Haye, CPI, na ambao Congo iliutia sahihi yake ya mwisho mwaka 2002, unaongea karibu hivyo katika article 31. Mtu aliyelazimishwa anaweza kuachiliwa ikiwa alitishwa kifo ao jeraha kubwa la wakati ule ule, ikiwa alichofanya kilikuwa cha lazima na cha akili, na ikiwa hakukusudia kuleta ubaya mkubwa kuliko ule aliutaka kuukwepa. Ona kwamba masharti ni magumu. Kusema "nililazimishwa" peke yake hakutoshi.

Kuna article 15 mbili

Karibu kila Mukongomani anajua article 15: ujitafutie, ujipange wewe mwenyewe. Wazee wanasimulia kwamba ilizaliwa Kasai ya Kusini, jimbo lililojitenga mwaka 1960, wakati wakimbizi walimlilia kiongozi wao na yeye hakuwa na kitu cha kuwapa. Iwe kweli ao mchezo wa maneno, imekuwa katiba ya mfukoni. Polisi asiyelipwa anaomba "kinywaji", mtumishi wa biro anauza karatasi ya bure, muganga anamwambia mgonjwa anunue dawa kwake. Mezali ya Waswahili inawatetea: mwenye njaa hana miiko.

Njaa inaeleza mengi, na ni lazima tuikubali kama sababu. Tuchukue masomo. Toka miaka ya 1990, wakati mishahara ya serikali ilianguka, wazazi njo walibeba walimu kwa feza ya "prime". Katiba ya 2006, katika article 43, ilisema shule ya msingi ni ya bure, lakini bure ile ilianza kutumika kweli Septemba 2019. Kwa miaka hiyo yote mwalimu aliyepokea prime alikuwa anaishi kutokana na mpango uliojulikana na kila mtu, uliojadiliwa mbele ya wazazi. Ulikuwa mpango usio wa haki, juu mtoto wa maskini alifukuzwa. Lakini mwalimu hakuwa mwivi. Lawama kubwa ilikuwa ya serikali iliyomwacha.

Leo tuseme mwalimu anafundisha bila jina lake kuwa kwenye orodha ya mishahara, jambo linaloonekana bado, na anawaomba watoto 500 franka kwa siri. Kosa liko: sheria imebadilika, siri yenyewe inaonyesha kwamba anajua, na mwenye kuumia ni mtoto. Ila bado tunaona njaa ndani yake, na mzazi mwenye akili atalalamika kwa serikali kwa sauti kubwa kuliko atakavyomtukana mwalimu.

Sasa mwalimu mwingine, mwenye mshahara mdogo sawa na ule wa kwanza, anamwambia binti wa darasa la mwisho kwamba pointi zake zinamngoja kwenye chumba fulani. Wanafunzi wameipatia mambo hiyo jina la kucheka, lakini haichekeshi. Hapa tupime na vipimo vyetu. Nani alimtisha? Hakuna. Njia ingine alikuwa nayo? Ndiyo, kusahihisha tu makaratasi. Faida ni ya nani? Yake. Nani aliumia? Mtoto aliyewekwa chini ya mkono wake. Mshahara mdogo haueleze chochote. Majivu yameisha, tumefika kwenye nyeusi. Sheria ya Julai 2006 juu ya ubakaji na matendo kama hayo inamwazibu pia mwenye kutumia mamlaka yake kumsumbua mtu hivyo.

Na hapa kuna jambo wengi hawalijui. Article 15 ya kweli, ile iliyoandikwa katika Katiba yetu ya 2006, haisemi "ujipange". Inaongea juu ya ubakaji na jeuri yote ya namna hiyo: inaagiza wenye mamlaka waiondoe, na inasema kwamba ikifanywa kwa nia ya kuvunja jamaa na kumaliza watu, ni kosa juu ya ubinadamu wote. Kwa hiyo tuko na article 15 mbili. Ya mdomo inatufundisha kwamba shida inafungua milango mingi. Ya kitabu inatukumbusha kwamba kuna milango ambayo shida haifungue hata siku moja.

Neno lilitoka wapi

Wenye kuandika juu ya mambo haya wanatumia sana neno "eneo la majivu". Aliyelieneza ni Primo Levi, Muitaliano wa ukoo wa Kiyahudi, mtu wa kemia, ambaye mwaka 1944 alipelekwa kwenye kambi ya Auschwitz na akatoka mzima. Katika kitabu chake cha mwisho juu ya kambi, cha mwaka 1986, aliweka sura nzima juu ya wafungwa waliofanya kazi za watesaji wao: wenye kugawa supu, wenye kusimamia wenzao kwa fimbo, na wale waliolazimishwa kubeba maiti mpaka kwenye moto. Wengi wao waliuawa kisha.

Levi hakusema walifanya vizuri. Alisema kwamba utawala wa jeuri unataka mikono ya wale inaowaonea, ili nao wachafuke na wasiweze tena kusema. Juu ya walioangukia chini kabisa, aliomba tuwaonee huruma na tusikimbilie kuhukumu, hasa sisi ambao hatukuwa pale. Lakini katika kitabu hicho hicho alikataa kabisa kumchanganya mwenye kuua na mwenye kuonewa. Kwake, kufanya hivyo ni ugonjwa wa roho ao ni kuwasaidia wauaji. Mwenye kuhesabu watu wa eneo la majivu asimsahau mwenye alijenga kambi.

Mtoto aliyebebeshwa bunduki

Hakuna mahali ulizo hili linauma kuliko kwa watoto waliotoka msituni. Ituri inakumbuka. Tarehe 14 Machi 2012, Thomas Lubanga alikuwa mtu wa kwanza kuhukumiwa na CPI, kwa kosa la kuandikisha watoto wasiofika miaka 15 na kuwatumia vitani. Sheria ya mkataba ule haimhukumu mtu aliyekuwa chini ya miaka 18 wakati wa tendo. Na sheria ya Congo ya Januari 2009 juu ya kulinda mtoto inakataza kumwandikisha mtoto katika jeshi, polisi ao kundi la silaha. Maana yake: kadogo aliyepiga risasi ni wa kwanza kuhesabiwa kati ya walioonewa. Risasi yake iliua, mama wa aliyekufa anamlilia mtoto wake, na hakuna mwenye haki ya kumnyamazisha. Lakini lawama inapanda juu, kwa mwenye alimpa bunduki.

Sasa kadogo akikua? Kuna mfano wa Dominic Ongwen, Muganda. Alinyakuliwa na LRA akiwa mtoto wa karibu miaka 9, njiani kwenda masomo. LRA ile ile baadaye ilivuka kwetu na kuwatesa watu wa Dungu, Faradje na Doruma katika Haut-Uélé. Ongwen alipanda mpaka akawa komanda. Tarehe 4 Februari 2021, CPI ilimwona na hatia ya makosa 61 aliyoyafanya Uganda ya kaskazini kati ya 2002 na 2005. Watetezi wake walisema alikuwa bado mateka, akiogopa kuuawa. Waamuzi walikataa: kwa miaka ile alikuwa mtu mzima, komanda mwenye amri, na makosa mengine alikuwa na namna ya kuyaepuka.

Lakini kesi haikuishia pale. Tarehe 6 Mei 2021, wakati wa kutoa azabu, waamuzi wale wale walirudi kwenye utoto wake. Kwa ukubwa wa makosa, angeweza kufungwa maisha yake yote. Walimpa miaka 25, wakieleza kwamba mtoto aliyenyakuliwa na kulelewa kwa kuua anastahili hilo lihesabiwe. Waliookoka hawakufurahi wote, na hilo linaeleweka. Ila tuone namna mahakama ilivyofikiri: kwanza kosa, bila kulipunguza, kisha mtu, pamoja na njia iliyomfikisha hapo. Sheria ya azabu ya Congo nayo inajua sababu za kupunguza azabu. Kufikiri kwa majivu hakukuletwa na wageni wala na watu walaini. Kumo ndani ya kazi ya kila mwamuzi.

"Mkiweka majivu kila mahali, wakubwa watapona"

Hili njo pingamizi kubwa, na lina nguvu. Watu wa mashariki wameona makomanda wakitoka msituni na kupewa vyeo, huku wakisema kila mtu alikuwa na damu mikononi. Wenye nguvu wanapenda sana ukungu.

Jibu liko ndani ya vipimo vyenyewe. Hofu, njia, faida: kila mtu akipanda juu, hofu inapunguka, njia zinaongezeka na faida inakuwa kubwa. Kwa hiyo lawama inapanda pamoja naye. Mwenye kutumia vipimo sawasawa atamkuta mama wa tomati karibu na nyeupe, na komanda karibu na nyeusi. Anayesema wote wako sawa amekataa kupima. Hata sheria za msamaha zimeweka mpaka. Ile ya Mei 2009 kwa ajili ya Kivu zote mbili, na ile ya Februari 2014, zilisamehe uasi na makosa ya vita vya kisiasa, lakini ziliacha nje mauaji ya kimbari, makosa ya vita na makosa juu ya ubinadamu. Kama zimetumika vizuri ni mjadala mwingine. Mpaka wenyewe umeandikwa, na raia wana haki ya kuudai.

Nini tufanye katika kartie

Kwanza, tuulize tendo kabla ya jina. "Ule ni wao" si habari. Alifanya nini, siku gani, nani aliona? Kama hakuna tendo linaloweza kutajwa, hakuna kosa la kuhukumu, na picha ile isitumwe kwa mwingine.

Pili, wakati tendo liko, tupime kwa vipimo vitano, na tumpe mwenye kusemwa nafasi ya kueleza mbele ya wazee ao baraza la kartie. Kumsikiliza mtu hakumaanishi kumwachilia. Kama jambo ni la damu ao ubakaji, baraza halina uwezo wa kulimaliza kwa mbuzi na kupeana mikono: ni kazi ya mahakama, na mwenye kuumia asisukumwe kusamehe ili kartie itulie.

Tatu, tukumbuke ulizo la mwisho, lile la deni. Chefu aliyeandika orodha kwa kutishwa anaweza leo kusema wazi majina gani yalichukuliwa, ili jamaa zijue pa kutafutia watu wao. Kijana aliyebebeshwa mizigo ya mali ya wizi anaweza kuonyesha ilipelekwa wapi. Lakini mambo hayo yatasemwa tu ikiwa mwenye kusema anajua hatachomewa nyumba kesho yake. Kartie yenye kumwita kila mtu msaliti inafunga midomo ya wale wale wenye kujua ukweli, na wa kwanza kufurahi ni mwenye alitoa amri.

Vita vinawasukuma watu wengi mahali ambapo hakuna chaguo safi, na wengi wetu tutaishi miaka mingi ukuta kwa ukuta na watu waliochagua vibaya, ao waliochaguliwa kwa nguvu. Siku jina la jirani litakapoletwa tena kwenye simu yako, uliza kwanza alifanya nini, alikuwa na njia gani, na nani alimshikia bunduki.